Malalamiko yako ni ya afisi gani? Mwongozo kamili kwa mkazi wa Nairobi

Malalamiko mengi Nairobi hayafi kwa kukosa afisi ya kuyasikiza. Hufa kwa sababu yamefikishwa kwenye meza isiyo yake. Maji taka yanafurika mbele ya ploti huko Kayole, anapigiwa simu chifu. Chifu ni mtu wa serikali ya kitaifa, na mabomba ya maji taka hayako chini yake. Mwalimu anamchapa mtoto hadi anavimba, mzazi anakimbilia kwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti. MCA atamwonea huruma, lakini hana uwezo wowote juu ya mwalimu wa shule ya msingi. Wakisema si kazi yao, wote wawili wanasema kweli. Aliyeumia ndiye anayezungushwa, anakula nauli, anachoka, na mwisho anasema serikali haisikii.

Mwongozo huu umeandikwa ili usizungushwe. Swali la kushika ni moja tu: ni nani aliye na nguvu za kisheria za kumwamuru aliyekukosea arekebishe? Usiulize nani unamjua, wala nani afisi yake iko karibu, wala nani hujibu haraka mtandaoni. Hatua zote zilizo hapa chini zinatafuta jibu la swali hilo.

Kama mtu yuko hatarini sasa hivi, usisome zaidi. Piga 999 au 112. Kwa dhuluma za kijinsia piga 1195, na kwa mtoto anayeteswa piga 116.

Hatua ya kwanza: litaje tatizo kwa sentensi moja

Kabla hujatoka nyumbani, chukua karatasi uandike sentensi yenye mambo matano: nani, amefanya au ameacha kufanya nini, wapi, tangu lini, na wewe unataka nini kifanyike. Hilo la tano ndilo husahaulika sana. "Kaunti imetusahau" ni uchungu wa kweli, lakini hakumpi afisa kazi ya kufanya. "Bomba la maji taka limepasuka mbele ya lango la ploti yetu tangu Jumatatu, tunataka lizibwe na barabara isafishwe" ni kazi ambayo inaweza kuandikiwa fundi leo.

Sentensi hiyo pia itakuonyesha kama una tatizo moja au mawili yaliyofungwa pamoja. Tuseme umefuatilia hatimiliki kwa miezi, faili haionekani, halafu karani anakudokezea kwamba ukitoa kitu kidogo itaonekana. Hapo kuna mambo mawili. Kucheleweshwa ni uzembe wa kiutawala, na kuna tume yake. Kuitishwa hongo ni jinai, na ina tume nyingine. Ukiyachanganya kwenye barua moja, kila afisi itashika lile lisiloihusu na kukwambia uende kwingine. Andika barua mbili.

Hatua ya pili: ni la kaunti au la serikali ya kitaifa?

Katiba ya 2010 iligawa kazi hizi katika Jedwali la Nne. Huna haja ya kulikariri, lakini kulifahamu kwa juu juu kutakuokolea nauli nyingi.

Upande wa City Hall, yaani Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, kuna uzoaji taka, mitaro ya maji ya mvua, barabara za ndani ya mitaa, taa za barabarani, maegesho, masoko, leseni za biashara na za baa, kelele na kero nyingine za umma, idhini za ramani za ujenzi, zima moto, makaburi, chekechea za umma, na hospitali kama Pumwani, Mama Lucy Kibaki na Mbagathi. Maji na maji taka ni ya kaunti pia, kupitia kampuni yake ya Nairobi Water, ambayo makao yake yako Kampala Road, Industrial Area.

Upande wa serikali ya kitaifa kuna polisi, shule za msingi na za sekondari, vitambulisho na pasipoti, ushuru wa KRA, usajili wa ardhi, barabara kuu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Watu wengi hupeleka lalamiko la Kenyatta City Hall kwa sababu hospitali iko ndani ya jiji. Si ya jiji.

Sasa watu wenyewe. Chifu, naibu wake na naibu kamishna wa kaunti ni wa serikali ya kitaifa. MCA, msimamizi wa wadi na kanjo (askari wa kaunti) ni wa kaunti. Tofauti hii ina uzito mkubwa pale kanjo anapokumwagia mboga au kukupiga. IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, haimshughulikii kanjo, kwa kuwa kanjo si polisi. Kipigo kinaripotiwa kituo cha polisi kama shambulio, na mwenendo wake unapelekwa City Hall kwa mwajiri wake. Na pesa za karo? Basari ya wadi ni ya kaunti, ila ile ya NG-CDF, hazina ya maendeleo ya eneobunge, ni ya serikali ya kitaifa na iko kwenye afisi ya eneobunge. Angalia jina lililo juu ya fomu uliyojaza kabla hujaenda kulalamika.

Nairobi ina kaunti ndogo 17 na wadi 85. Kwa mambo ya mtaa, anza na msimamizi wa wadi yako au afisi ya kaunti ndogo. City Hall yenyewe iwe ya baadaye. Na jihadhari na nambari na mabango ya zamani. Kuanzia 2020 hadi 2022 baadhi ya kazi za kaunti, zikiwemo afya na mipango ya jiji, zilikuwa chini ya NMS (Nairobi Metropolitan Services), afisi ya serikali ya kitaifa. Kazi hizo zilirudi City Hall, lakini simu za wakati ule bado zinasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa.

Hatua ya tatu: panda ngazi kwa mpangilio

Karibu kila sekta ina ngazi tatu. Ya kwanza ni mtoa huduma mwenyewe: kampuni ya maji, Kenya Power, benki, Sacco ya matatu, hospitali. Ya pili ni msimamizi wa sekta, yaani mamlaka inayotoa leseni na inayoweza kuinyang'anya. Ya tatu ni tume za uangalizi, mabaraza ya rufaa na mahakama.

Ukiruka ngazi ya kwanza, ya pili itakurudisha chini. Mamlaka ya Mawasiliano, kwa mfano, itataka kujua kwanza kama ulilalamika kwa kampuni ya simu na ilikujibu nini. Si kwamba wanakukwepa, huo ndio utaratibu. Kwa hiyo hata kama una hakika mtoa huduma hatafanya lolote, mpe nafasi hiyo na umtake akupe nambari ya lalamiko. Nambari hiyo ndiyo tiketi yako ya kupanda juu. Usikate simu bila kuiandika, pamoja na tarehe, saa na jina alilojitambulisha nalo aliyekupokea.

Kuna matatizo mengine ambayo yana mamlaka kadhaa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu huumia zaidi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, ikaua na kujeruhi watu katikati ya makazi. Baadaye EPRA, inayosimamia nishati na petroli, ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya leseni ya kituo cha gesi mahali hapo. NEMA, inayosimamia mazingira, ikakiri kwamba leseni ya mazingira ilitolewa isivyofaa, na ikasimamisha baadhi ya maafisa wake. Mkazi aliyeona mitungi ikijazwa nyuma ya ukuta alihitaji kujua kwamba biashara ya gesi ni ya EPRA, athari kwa mazingira ni za NEMA, na matumizi ya kiwanja chenyewe ni ya kaunti. Kwa hatari ya aina hiyo usichague afisi moja. Andika barua moja, uielekeze kwa yule mwenye nguvu za kufunga biashara, na nakala ziende kwa wengine wote, kila jina likionekana mwisho wa barua. Afisa anayejua kwamba jirani yake amepata nakala hawezi kusema baadaye kwamba hakuna aliyeambiwa.

Hatua ya nne: tatizo lipi, mlango upi

*Maji na maji taka.* Anza Nairobi Water ukiwa na nambari ya akaunti. Wakikaa kimya, nenda WASREB, inayosimamia kampuni za maji nchini. Kisima kinachochimbwa kiholela au mto unaopunguzwa maji ni wa WRA, mamlaka ya rasilimali za maji. Maji machafu ya kiwanda yanayoingia mtoni ni ya NEMA.

*Umeme.* Kenya Power ni 97771. Kuwa na nambari ya mita mkononi. Ya tokeni ina tarakimu 11. Kama transfoma imelipuka, wataje majirani walioathirika na ploti zao, maana ripoti ya mtu mmoja huonekana kama hitilafu ya nyumba moja. Bili ya ajabu au kukatiwa bila haki ikishindikana Kenya Power, mlango wa pili ni EPRA, Upper Hill.

*Barabara.* Shimo la Thika Road, Mombasa Road au Waiyaki Way ni la KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Ngong Road na Outer Ring ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Barabara ya ndani ya mtaa mara nyingi ni ya kaunti. Ukiona bango la mkandarasi, jina la mwenye barabara limeandikwa hapo. KeNHA na KURA zote ziko Barabara Plaza karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, kwa hiyo ukikosea moja, nyingine si mbali.

*Jengo linalotia wasiwasi.* Hapa naomba usome polepole, kwa sababu makosa ya hapa huzikwa. Mwaka 2016 jengo liliporomoka Huruma wakati wa mvua, likaua makumi ya watu. Kila jengo linalojengwa kihalali linatakiwa kuwa na bango la mradi getini. Lipige picha mpaka maandishi yasomeke. Utaona nambari ya kiwanja, msanifu, mhandisi, mkandarasi, idhini ya kaunti na usajili wa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi. Bango hilo ndilo linakuonyesha mlango. Ramani na idadi ya orofa ni ya idara ya mipango ya City Hall. Mkandarasi asiye na usajili na usalama wa kazi ya ujenzi ni wa NCA. Ukikuta hakuna bango kabisa, hilo lenyewe ni lalamiko, lipeleke kote kuwili siku hiyo hiyo. Kwa jengo lenye watu tayari, andika nyufa ziko orofa ya ngapi, tangu lini, na zimepanuka vipi. Weka sarafu au rula kando ya ufa unapopiga picha, ili mkaguzi aone upana wake.

*Kelele.* Baa au kanisa linalokesha na spika ni kero ya umma, na kaunti ndiyo ya kwanza. Kama ni baa, lalamiko liende kwa wanaotoa leseni za vileo katika kaunti ndogo yako, kwa kuwa leseni ndiyo inayomuuma mwenye baa. NEMA nayo ina kanuni za kelele za 2009, ambazo zinahesabu usiku kuanzia saa 2 jioni hadi saa 12 asubuhi, na kiwango kinachoruhusiwa kwenye makazi usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Rekodi kwenye simu ukiwa ndani ya chumba chako cha kulala, siku tofauti, na uandike saa.

*Polisi.* Ripoti yoyote kituoni inaandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio, na ni bure. Usitoke bila nambari ya OB. Bondi ya polisi pia hailipiwi. Afisa akikataa kukuandika, muone mkuu wa kituo. Ikiwa polisi ndiye aliyekukosea, IPOA iko 1559, nambari isiyolipishwa. Vifo na majeraha mabaya yaliyosababishwa na polisi ni kazi yao hasa. Polisi wana pia kitengo chao cha ndani cha kuchunguza maafisa, lakini kwa jambo zito ningeanza na IPOA, kwa kuwa iko nje ya jeshi la polisi.

*Hongo na wizi wa mali ya umma.* EACC, tume ya kupambana na ufisadi, Integrity Centre, Valley Road, au 1551 bila malipo. Wanapokea ripoti za mtu asiyejitaja jina.

*Pesa na simu.* Benki na kampuni za mikopo ya mtandaoni zilizo na leseni ziko chini ya Benki Kuu. Sacco zinazopokea akiba ziko chini ya SASRA, bima chini ya IRA, pensheni chini ya RBA. Kampuni ya mkopo inayopigia simu mama mkwe wako na mwajiri wako ili kukuaibisha imevunja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lalamiko hilo ni la Kamishna wa Data, na sheria inataka uchunguzi umalizike ndani ya siku 90. Hifadhi picha za skrini zinazoonyesha nambari iliyopiga, na uwaombe hao waliopigiwa waandike walichoambiwa. Ukiwa umetapeliwa pesa, huo ni wizi: polisi kwanza, halafu kampuni ya simu.

*Hospitali, dawa na chakula.* Uzembe wa daktari au kliniki ni wa KMPDC, baraza la madaktari. Wauguzi wana baraza lao. Dawa bandia na duka la dawa lisilo na leseni ni la Bodi ya Famasia na Sumu. Hoteli iliyokuumiza tumbo ni ya afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo. Bidhaa za kiwandani zenye shaka ni za KEBS, shirika la viwango, Popo Road, South C. Unaweza kutuma SM# na nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora kwenda 20023 kuikagua kabla hujalalamika. Omba nakala ya rekodi zako za hospitali mapema, kabla uhusiano haujaharibika.

*Shule.* Karo haramu na mwalimu mkuu asiyesikia: mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Nidhamu ya mwalimu wa umma: TSC, tume ya walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kuchapa watoto, na mtoto akijeruhiwa hayo ni ya polisi, usikubali yamalizwe kwa kikao cha chai afisini mwa mwalimu mkuu.

*Kazi.* Ukifutwa isivyo haki, una miezi 3 ya kumfikia afisa wa leba. Wakala aliyekula pesa zako za kazi ya ng'ambo: mamlaka ya kitaifa ya ajira, na polisi.

*Matatu.* Nambari ya gari, Sacco, njia na saa. Sacco kwanza, kisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

*Wakili aliyekalia pesa zako* ana tume yake ya malalamiko dhidi ya mawakili. Na kwa deni la kawaida lisilozidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60.

Ukiwa bado hujui mlango, ingia Huduma Centre yoyote ya jijini, kama ya GPO, City Square, Makadara, Eastleigh au Kibra, uonyeshe ile sentensi yako moja uulize ni idara gani.

Hatua ya tano: andika barua inayoweza kufanyiwa kazi

Simu ni nzuri kwa dharura, lakini barua ndiyo inayobaki. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili bila kuomba radhi: Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Ukurasa mmoja unatosha. Hivi ndivyo ningeandika ile ya maji taka:

> Kwa Meneja wa eneo, Nairobi Water.
>
> KUH: MAJI TAKA YANAYOFURIKA, BARABARA YA (jina), KAYOLE
>
> Sisi wapangaji wa ploti zilizotajwa hapa chini tunaripoti kwamba tangu tarehe (…) shimo la maji taka lililo mbele ya ploti nambari (…) limekuwa likifurika usiku na mchana. Maji yanapita mbele ya duka la chakula na kwenye njia ya watoto wa shule.
>
> Tuliripoti kwa simu tarehe (…) saa (…) tukapewa nambari ya lalamiko (…). Hadi leo hakuna fundi aliyefika.
>
> Tunaomba: shimo lizibuliwe ndani ya siku 7, tuelezwe kwa maandishi chanzo chake, na barabara inyunyiziwe dawa.
>
> Tumeambatisha picha 4, kila moja ikiwa na tarehe.
>
> Nakala: Afisa wa Afya ya Umma, kaunti ndogo, Msimamizi wa Wadi, WASREB.
>
> Majina, nambari za ploti, simu na sahihi.

Barua hiyo haimtukani mtu, haitaji siasa, haimtishi yeyote. Hata afisa mvivu hawezi kuipuuza kwa kisingizio cha kutoielewa. Muda wa siku 7 umewekwa na wakazi wenyewe, na ni halali kuuweka. Ukipita, ndio tarehe ya kupanda ngazi.

Picha ziwe za aina mbili: moja ya karibu inayoonyesha uharibifu, nyingine ya mbali inayoonyesha jengo au kibao kinachotambulika. Picha za karibu pekee zinaweza kuwa za mtaa wowote.

Hatua ya sita: ifikishe na upate muhuri

Chapisha nakala mbili. Moja unaacha, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaondoka nayo. Karani akisema "acha tu hapo mama, bosi ataona," mwambie kwa upole kwamba utasubiri muhuri. Keti. Muhuri ule wa buluu ndio utakaotofautisha "tuliwaambia" na "tunaweza kuonyesha kwamba tuliwaambia." Ukituma kwa baruapepe, tuma kwa anwani rasmi ya afisi, si ya mtu binafsi, na ujitumie nakala.

Usitoe nakala zako halisi za risiti, hatimiliki au matokeo ya hospitali. Toa fotokopi. Na usilipe chochote kwa "kufungua faili" ya lalamiko. Tume zote nilizozitaja hupokea malalamiko bure. Anayekuitisha pesa mlangoni amekuletea lalamiko jipya la kupeleka EACC.

Hatua ya saba: wakinyamaza

Hapa wengi hukata tamaa, na hapa ndipo sheria iko upande wako zaidi kuliko unavyodhani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka na za haki. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo andika barua ya pili, fupi, ukiomba habari badala ya kulalamika: "Naomba nifahamishwe hatua zilizochukuliwa kuhusu lalamiko nambari (…), afisa anayelishughulikia, na tarehe ya kukamilika." Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 wana siku 21 za kukujibu, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Nimeona afisi zilizonyamazia malalamiko zikijibu ombi la habari, kwa sababu kulikalia kimya nako ni kosa linalohesabika siku kwa siku.

Siku hizo zikipita bila jibu, nenda Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Iko West End Towers, Waiyaki Way, Westlands. Kazi yake ni ucheleweshaji, kunyimwa majibu, ukali na dhuluma za maafisa wa umma, na ndiyo inayosimamia sheria hiyo ya habari. Wapelekee vitu vitatu: barua yenye muhuri, ombi la habari, na ukurasa mmoja wa tarehe zote kwa mfuatano. Hawatashughulikia jambo lililo tayari mahakamani, kwa hiyo fikiria mpangilio kabla ya kufungua kesi.

Tatizo likiwa la mtaa mzima, wakazi wanaweza kupeleka ombi rasmi kwenye Bunge la Kaunti. Hapo ndipo MCA anapokuwa mtu sahihi: si wa kuziba shimo, ila wa kulifikisha ombi lenu kwenye kamati inayoweza kumwita afisa aje ajieleze.

Kama unaogopa kulipiziwa kisasi, sema hivyo mwanzoni mwa ripoti yako. EACC na IPOA zinajua kupokea habari kwa siri. Wakazi walio wengi hujilinda kwa kusaini pamoja. Mwenye nyumba anaweza kumhamisha mpangaji mmoja, ila ploti nzima ni shida kwake.

Na shimo likizibuliwa, andika mistari miwili kwa afisi ileile: limezibuliwa tarehe fulani, tunawashukuru, lalamiko nambari fulani lifungwe. Hifadhi nakala pamoja na zile za mwanzo kwenye bahasha moja, na picha kwa mtu mwingine wa ploti asiye wewe, maana wapangaji huhama. Mvua kubwa zikirudi na shimo lilelile likifurika tena, barua mpya itaanza na nambari ya lalamiko la zamani, na safari hii mtadai bomba libadilishwe, si kuzibuliwa tu.